Tone Lililobaki Jekundu

Kama kuna kitu Muhonja alijivunia duniani, ni nguo zake kambani. Nyumba ilikuwa ya udongo, mabati yalivuja upande wa jikoni, na shamba lao lilikuwa dogo, kuku angelivuka bila kupumzika. Lakini ukipita ile njia ya kutoka Shirere siku ya Jumamosi, ungeiona kamba yake na kujua kwamba hapo anaishi mwanamke asiyecheza na uchafu. Wake wa majirani walimchukia kidogo kwa hilo. Waume zao waliwauliza kwa nini mashati yao hayafanani na ya Patroba, na swali la namna hiyo halijawahi kuleta amani katika nyumba yoyote.

Patroba Shikanga, mumewe, alikuwa mpiga dawa. Alibeba pampu mgongoni akazunguka mashamba ya watu, akipulizia nyanya, kabichi, mahindi yaliyoingiliwa na viwavi na miwa michanga iliyoshambuliwa na mchwa. Pampu zenyewe zilikuwa za kaka yake mkubwa, Philip. Philip ndiye aliyetafuta kazi, akazungumza na wenye mashamba na kula chakula chao kivulini. Patroba alirudi jioni na ovaroli ya buluu iliyolowa kuanzia mabegani hadi kiunoni, kwa sababu pampu ilivuja, na Philip alikuwa akiahidi kuitengeneza tangu zamani.

Hapo ndipo Muhonja alipoonyesha ufundi wake. Aliiloweka ovaroli katika beseni kubwa la bati alilopewa na marehemu mama yake alipoolewa. Asubuhi aliingia ndani ya beseni miguu mitupu akaikanyaga, akasugua kola kwa viganja, akaisokota juu ya mkono wake mpaka maji yakaisha. Kisha, kabla ya kuianika, alijifunika pua na mdomo kwa kola ile ile akavuta pumzi kwa nguvu. Ikiwa bado inanuka dawa, ilirudi majini. Hakuna aliyewahi kumwambia asifanye hivyo. Dawa ilikuja na karatasi yenye picha ya fuvu na mifupa miwili, na Philip aliitumia kuziba ufa wa dirisha lake.

Macho ya Muhonja yalitoa machozi bila kilio. Jioni kichwa kilimgonga, mate yakamjaa mdomoni, mikono ikamtetemeka, jasho likamtoka hata siku ya mvua. Yeye aliulaumu moshi wa kuni. Mama mkwe wake, Awinja, aliulaumu uvivu.

Mvua za vuli zilipoanza, kijana mmoja aitwaye Oliver Lusweti alifika kwa pikipiki kutoka mradi fulani wa utafiti mjini Kakamega. Alikuwa na simu, kisanduku cheusi cha plastiki na maneno mengi. Wapiga dawa waliitwa kwenye baraza la poshomili, pale wanaposagia unga, na wake zao wakaja kusikiliza kwa sababu hapakuwa na kingine cha kusikiliza.

"Ndani ya damu kuna kibarua," Oliver aliwaeleza. "Kitaalamu anaitwa kimeng'enya. Kazi yake ni kuzima. Ubongo ukituma ujumbe kwa msuli, ujumbe ukishafika, yeye anauzima ili msuli upumzike. Sasa hii dawa ya wadudu inamfunga mikono. Hakuna tena wa kuzima. Mwili unabaki umewaka tu, unatoa jasho, machozi, mate, mpaka kifua kinashindwa kazi."

Aliwadunga vidole mmoja mmoja. Damu aliichuja, kisha akadondosha kilichobaki katika vishimo vidogo vya sahani, ambamo mlikuwa na maji mekundu kama juisi ya rosela. Aliwaambia kwamba wekundu ule ni dhahabu, iliyosagwa ikawa ndogo kiasi kwamba imesahau rangi yake. Kibarua akiwa na nguvu, tone litageuka zambarau, kisha buluu. Akiwa amefungwa, litabaki jekundu. Sahani iliingia kisandukuni, simu ikalala juu kwenye tundu, na kamera ikapima rangi humo gizani, mahali ambapo jua haliwezi kudanganya jicho. Kwenye kioo cha simu ilitokea namba.

Watu wa Kakamega wanaijua dhahabu. Wameichimba mpaka mashimo yakawafukia. Mzee mmoja aliuliza kama tone lake likishapimwa anaweza kurudi nalo nyumbani, na watu wakacheka. Oliver, akitaka kuwafurahisha, akasema, "Mzee, wewe unajua kuliko mimi. Dhahabu haidanganyi." Lilikuwa neno la kijinga, na kila aliyekuwa pale aliondoka nalo.

Tone la Patroba lilibaki jekundu. Oliver alimvuta kando akamwambia asiiguse dawa msimu wote, na Patroba akarudi nyumbani akavua viatu mlangoni.

"Wamesema nipumzike," alimwambia mkewe.

"Na utapumzika?"

"Philip ameshachukua shamba la nyanya kule Mukumu. Nikimaliza hilo nitapumzika."

Hakulimaliza. Walimkuta kati ya mistari ya nyanya, povu mdomoni, pampu bado mgongoni ikiendelea kumvujia. Alikata roho kabla gari halijafika barabara ya lami. Muhonja aliiosha ile ovaroli pia. Aliiosha akilia, safari hii akilia kweli, kwa sababu hakutaka vitu vya mumewe vikutwe vichafu na waombolezaji.

Wakamzika. Siku ya kunyoa nywele ilipofika, ukoo ulikusanyika kuyamaliza mambo ya marehemu: nani ataangalia shamba, nani atachukua koti, mjane atakaa vipi. Muhonja alikuwa na ombi moja tu moyoni. Alitaka kubaki katika boma lile na Abigail, binti yao wa pekee, amlee pale pale alipozikwa baba yake. Hakuona sababu ya kukataliwa. Wajane wangapi wamebaki, na hakuna aliyewauliza kitu?

Lakini Philip alikuwa na shida yake. Tangu mazishini watu walikuwa wakinong'ona juu ya pampu inayovuja. Hawakuwa wakimnong'onea yeye, bali karibu naye, jambo ambalo ni baya zaidi. Mtu wa hivyo hutafuta pa kuutua mzigo, na Mungu, au mwingine, akamletea Oliver. Kijana alikuwa amekuja kutoa pole. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, lakini wako wageni ambao wangefanya wema kupotea njia.

"Ile simu yako," Philip alimwambia mbele ya watu wote, "ilimpima ndugu yangu. Ilisema nini?"

Mwenye busara angesema pole mara ya pili, akanywa chai, akaondoka. Oliver alikuwa na shahada. "Ilionyesha dawa imemwingia mwilini," alijibu. "Kwa wingi."

"Sumu."

"Ndiyo, ni sumu, lakini..."

Hakuna aliyeingoja hiyo lakini.

"Sumu haitembeangi yenyewe," Philip alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako. Kijana, tupime sisi wote wa nyumba hii. Kama ni mambo ya shamba tu, tutaonekana sawa. Kama kuna mkono wa mtu, hiyo dhahabu itauonyesha. Si wewe ulisema haidanganyi?"

Zamani neno kama hili lingemalizwa kwa kiapo, kila mmoja akiapa mbele ya wazee, na aliyeapa uongo angesubiri tumbo lake livimbe. Kanisa lilikuwa limekataza viapo. Halikuwa limekataza simu. Wazee waliangaliana, wakaona hakuna dhambi, wakakubali. Na Oliver naye akakubali, tena kwa furaha, kwa sababu mradi wake ulikuwa ukitafuta familia za wapiga dawa na hii hapa ilikuwa imejipanga yenyewe kwenye viti. Aliweka kisanduku chake juu ya meza ya kugawia vyakula.

Awinja alipimwa wa kwanza. Tone lake lilianza jekundu, likaiva taratibu mpaka likawa zambarau, kisha buluu. Oliver aliiinua simu watu waone, na watu wakaguna kwa kuridhika. Philip akafuata, na lake likawa buluu, maana ilikuwa miaka mingi tangu aibebe pampu yoyote. Risper, mke wa Philip, buluu. Binamu, buluu. Abigail alifumba macho alipodungwa, na tone lake likageuka kama la wengine.

Muhonja alikuwa wa mwisho, na alikwenda haraka. Hili ndilo baadaye lilimuuma kuliko matusi. Aliamini. Alikuwa ameona kwa macho yake rangi ikigeuka kwa kila mtu asiye na hatia, na yeye alijua hana hatia, kwa hiyo alikitoa kidole chake kama mtu anayekwenda kuchukua haki yake.

Tone lilibaki jekundu.

Walingoja. Oliver akaitikisa sahani, akangoja tena, akaweka tone jingine kwenye kishimo kingine. Jekundu. Simu iliandika namba, na Oliver akasahau kwamba alikuwa ameishika juu kama alivyofanya kwa wengine. Mpaka anaishusha, kila mtu alikuwa ameona.

Awinja ndiye aliyesema kwanza. Hakupaza sauti. "Mpishi lazima aonje," alisema.

Basi. Kila mama aliyekuwa pale huonja mboga kabla ya kuipakua, na kila baba amekula kwa mkono wa mke. Hapakuhitajika mahubiri. Sumu iko kwa aliyekufa na iko kwa aliyempikia, na haiko kwa mwingine yeyote.

"Hapana, wazee, haimaanishi hivyo," Oliver alisema. "Inaweza kupitia ngozi. Inaweza kupitia pumzi..."

"Ngozi ya nani?" Philip aliuliza. "Yeye ndiye alikuwa anabeba pampu?"

"Huyu hata shambani haendangi," Risper aliongeza.

Oliver alimgeukia Muhonja. Angalau alijaribu, mpe haki yake. "Mama, uliwahi kuishika dawa yenyewe?"

Na Muhonja, ambaye hakuwa amejifunza kwamba ukweli mtupu pia huzika, alijibu bila kusita. "Mimi? Sijawahi kuishika dawa. Hata chupa yake sijaigusa."

Alisema kweli. Hakuwahi kuigusa chupa. Kuosha nguo, kwake na kwa kila mwanamke wa pale, hakukuwa kushika dawa. Kuosha ni kuosha. Hilo halikumjia hata kidogo akilini, na Oliver, aliyefundishwa kuuliza kuhusu kupulizia na kuchanganya, hakuuliza kuhusu beseni. Waliangaliana wale wawili waliokuwa na jibu, kila mmoja na nusu yake, na hakuna aliyelitamka.

Machozi yalikuwa yakimtiririka Muhonja muda wote huo.

"Muangalieni," Risper alisema. "Machozi yanatoka, lakini uso haulii."

Kijana fulani wa ukoo aliipiga teke pikipiki ya Oliver. Oliver alifunga kisanduku chake haraka, akasema atarudi na wakubwa wake waje wawaeleze vizuri, akaondoka. Hakurudi na mtu.

Muhonja hawakumpiga, na walijisifu kwa hilo miezi mingi. Walikataa tu kumnyoa. Wembe uliwanyoa wafiwa wote mmoja baada ya mwingine, ukamruka yeye, na mjane asiyenyolewa hana mahali pa kukaa katika boma la marehemu. Vitu vya Patroba vikagawanywa. Koti lilikwenda kwa binamu. Ovaroli na pampu Philip alichukua mwenyewe, kwa kuwa tangu kifo kile hakuna kijana aliyekubali kumbebea. Muhonja alifunga nguo zake katika leso, akamshika Abigail mkono.

"Mtoto ni wa ukoo," Awinja alisema, akauachanisha ule mkono kidole kimoja kimoja.

Muhonja akaomba angalau beseni la mama yake.

"Beseni litabaki," Awinja alisema. "Kuna nguo za kuoshwa hapa."

Muhonja alipanga chumba mtaa wa Amalemba, akaanza kuuza mboga za kienyeji, mrenda na saga, kando ya barabara. Wazazi wake walikuwa wamekufa, na kaka zake hawakutaka dada mwenye jina kama lile. Jina lilimfuata mpaka kwenye meza yake ya mboga. Wako waliokuja kununua, wakachagua fungu zuri, kisha wakauliza kwa tabasamu kama ameionja. Wengine walinunua hata hivyo, maana mboga zake zilikuwa safi sana.

Siku moja moja alikwenda kusimama njia ya Shirere watoto wakitoka shule. Abigail alimkimbilia, wakakaa kidogo nyuma ya ua, na mara nyingi macho ya mtoto yalikuwa yamejaa machozi hata kabla hawajasalimiana.

"Unanililia?" Muhonja alimuuliza.

"Yanatokanga tu, Mama."

"Najua," Muhonja alisema, akayafuta kwa leso yake. Alirudi Amalemba amefurahi. Ni aibu kusema, lakini alifurahi. Machozi yale yalikuwa kitu pekee alichokuwa nacho cha kuonyesha kwamba bado ni mama wa mtu.

Mvua za masika zilipoanguka na watu wakaanza kupanda mahindi, Oliver alimkuta kwenye meza yake. Alikuwa amekonda kidogo, na hakuwa na maneno mengi tena. Alisema alimtafuta muda mrefu. Kijana alipotoa kisanduku, Muhonja alimpa kidole, kwa uchovu tu. Wakangoja kando ya mafungu ya mrenda. Tone liligeuka zambarau, likaendelea kugeuka, likawa buluu.

"Unaona?" Oliver alisema. "Umepona. Kibarua amerudi. Mama, nilikuwa nawaza juu ya nyumbani kwenu. Nani alikuwa anaosha zile ovaroli?"

"Mimi."

"Kwa mikono?"

"Nyinyi huoshanga na nini?"

Akamweleza. Alimweleza kuhusu nguo inayokunywa dawa siku nzima, na maji yanayoifungua na kuitia kwenye ngozi ya mkono na nyayo. Muhonja alipomsimulia jinsi alivyokuwa akinusa kola, Oliver aliacha kuandika kwenye simu yake. Alimweleza kwamba machozi yale, mate yale, jasho lile, vyote vilikuwa dawa. Miezi ya kukaa mbali nayo ndiyo iliyomponya.

Muhonja alilielewa jambo hilo polepole. "Kwa hiyo walionifukuza ndio walioniponya," alisema.

Oliver hakujua aweke wapi macho yake. "Nitakwenda kuwaambia," alisema. "Wakubwa wamenikataza kufika boma lile tena, lakini nitakwenda. Nitasema mbele ya wote kwamba hukumuua mtu. Na tena kuna anayeziosha sasa. Yeye naye anaumia."

Hapa ndipo ningependa kusema kwamba Muhonja alilia, akamshika Oliver mikono, akamwambia nenda upesi. Angerudishiwa jina lake. Angenyolewa. Pengine angerudishiwa mtoto. Yote aliyoyataka yalikuwa mezani pale, kati ya mboga na kile kisanduku. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Muhonja alimwona Risper akilini, Risper wa uso-haulii, ameinama juu ya beseni la mama yake, akisokota ile ovaroli. Alimwona akipangusa jasho asilolijua linatoka wapi. Na picha hiyo ilikuwa tamu kuliko jina zuri.

"Usiende," alisema.

"Mama?"

"Waache waoshe. Na damu yao ibaki nyekundu."

Oliver alimtazama sana. Pengine aliogopa, pengine alipata ahueni, maana alikuwa bado hajalisahau lile teke. Aliondoka, na safari hii pia hakurudi.

Muhonja alikaa na siri yake msimu mzima, akiitunza. Palizi ikapita, mahindi yakachanua. Kila habari ya nyumba ile aliipokea kwa hamu: Risper hakuonekana kanisani, Muhonja alitabasamu, kumbe Risper alikuwa tu amesafiri kwa dada yake. Alipokutana na Abigail aliyakuta machozi yake, akayafuta, akarudi nayo kwenye leso. Mara moja mtoto alisema kichwa kinamgonga. Muhonja alimwambia ale vizuri na asiwaze sana.

Mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa, Risper mwenyewe alisimama mbele ya meza yake.

Alikuwa amenenepa. Ngozi ilimng'aa, na macho yalikuwa makavu, mapana, yakitazama mboga kwa dharau ya kawaida ya mnunuzi. Muhonja alimkagua toka kichwani hadi miguuni akitafuta ugonjwa kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

"Mulembe, mama Abi," Risper alisema. "Usiniangalie hivyo. Nimekuja kununua mboga tu."

"Mulembe. Mko wazima?"

"Tuko wazima. Mzee ndiye anasumbuliwa na kifua. Hiyo kazi ya pampu si ya umri wake."

"Na wewe?" Muhonja aliuliza, na hakuweza kujizuia. "Hizo ovaroli hazikuchoshi? Najua zilivyo nzito."

Risper alicheka. "Mimi nizishike? Zile zinanuka kama kifo. Ni Abigail ndiye huziosha. Tangu ulipoondoka, kila Jumamosi. Hata kola anainusa akimaliza, hivyo hivyo ulivyomfundisha. Kusema kweli, umemlea vizuri. Hili fungu ni la leo?"

Muhonja aliinuka. Mboga aliziacha pale mezani na Risper akiwa ameshika fungu mkononi. Alipanda pikipiki ya kwanza aliyoiona, na dereva alipomuuliza anakwenda wapi alishindwa kulitaja jina la mahali, akaonyesha kwa kidole. Ilikuwa Jumamosi.

Bomani walikuwa wamevuna. Mahindi yalikuwa yameanikwa juu ya turubai mlangoni kwa Awinja, na Awinja mwenyewe amekaa kwenye kigoda akifukuza kuku. Nyuma ya jiko, Abigail alikuwa amesimama ndani ya beseni, sketi ameifunga juu ya magoti, akiikanyaga ovaroli ya baba yake. Miguu ilikuwa ikimtetemeka. Mate yalimtoka upande mmoja wa mdomo, akayapangusa kwa mkono uliolowa.

Muhonja alimnyanyua kutoka majini. Alilipindua beseni kwa teke, maji ya buluu yakatawanyika uani, na kuku wakakimbia. Philip alitoka nyumbani akikohoa, Awinja akaja na fimbo yake.

"Nani amekuruhusu kukanyaga hapa?" Philip aliuliza.

"Ni nguo," Muhonja alisema. "Ni hizi nguo. Dawa inakaa kwenye nguo, ukiosha inaingia mwilini. Ndiyo maana tone langu lilibaki jekundu. Sikumuua mtu. Nilikuwa naosha. Na sasa anaosha huyu. Mtazameni macho. Mtazameni."

Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa tayari kutupwa nje tena, mradi mtoto yuko mikononi mwake. Hakuwa tayari kuaminiwa. Lakini Awinja aliinama, akamshika mjukuu kidevu, akayatazama yale macho ambayo mboni zake zilikuwa zimebaki ndogo kama mbegu ya saga. Alitazama ovaroli pale chini. Akaitazama mikono ya Muhonja, iliyokuwa haitetemeki tena. Kikongwe yule hakuwa mjinga. Aliketi chini kwenye udongo uliolowa, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alionekana mwenye umri wake.

"Tumekufanya nini, mwanangu," alisema.

Philip alianza kuifungua ovaroli nyingine aliyokuwa ameivaa, kifungo kwa kifungo, akaivua akabaki na kaptula mbele ya mama yake.

"Nani amekueleza haya?" aliuliza hatimaye, bila ukali.

"Yule kijana wa simu. Alinitafuta."

"Leo?"

Muhonja alimfuta mtoto mate kwa leso. Alikuwa amelipata jina lake. Wangemnyoa, aliona hivyo machoni mwa Awinja; wangemwita nyumbani kesho yake, pengine hata usiku ule. Abigail alijitoa mikononi mwake polepole, akasimama peke yake, akajaribu kumwona vizuri mama yake kupitia machozi.

"Mama," alisema, "alikuambia lini?"

Muhonja alifungua mdomo. Angeweza kusema leo. Hakuna mtu duniani angejua, isipokuwa Oliver, na Oliver alikuwa ameonywa asifike pale. Lakini mtoto alikuwa akimtazama, na yeye ndiye aliyemfundisha kunusa kola mpaka harufu iishe.

"Wakati wa kupanda mahindi," alisema.

Wote wanne waliyatazama mahindi yaliyokuwa yakikauka juu ya turubai. Kisha Abigail akageuka, akaenda akakaa chini karibu na nyanya yake.